Je, Mkristo Aliyekomaa Akiiacha Imani kwa Makusudi Aweza Kurudi?

SWALI: Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyetufundisha Biblia kwa miaka mingi, ametangaza kwamba hamwamini tena Kristo, wala hataki kuombewa. Nikisoma Waebrania 6:4-6 naingiwa na hofu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, kwa kuwa nami nimeanguka dhambini mara kadhaa. Je, hakuna njia ya kurudi?

JIBU: Hofu yako ina msingi, wala sitaki kuituliza upesi, kwa sababu maneno hayo yaliandikwa ili yatishe. Mwandishi hazungumzii wageni wa kanisa. Anawataja watu waliokwisha kupewa nuru, wakakionja kipawa cha mbinguni, wakawa washirika wa Roho Mtakatifu, kisha wakaanguka. Na anasema haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu, maana wanamsulubisha Mwana wa Mungu mara ya pili. Wasomaji wake walikuwa waumini wa siku nyingi, ambao zamani walikubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani.

Hata hivyo, si kila dhambi ndiyo kuanguka huko. Torati, katika Hesabu 15, ilitofautisha kosa la asiyekusudia, ambalo lilikuwa na sadaka yake, na tendo la anayemdharau Bwana waziwazi. Waebrania 10:26-29 inafuata njia hiyo hiyo: anayeonywa ni yule ambaye, baada ya kuijua kweli, anamkanyaga Mwana wa Mungu na kuidharau damu ya agano. Ikiwa dhabihu ni moja tu, aliyeikataa hiyo atapata wapi msamaha?

Petro alimkana Bwana mara tatu uani kwa kuhani mkuu, lakini Bwana alipogeuka akamtazama, alitoka nje akalia kwa uchungu. Dema ni habari nyingine. Katika Filemoni Paulo anamhesabu miongoni mwa watenda kazi wenzake, na katika Wakolosai jina lake liko pamoja na la Luka. Lakini katika 2 Timotheo 4:10 Paulo, akiwa kifungoni, anaandika kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu. Hatuambiwi kwamba alishindwa katika hoja yoyote. Alipenda kitu kingine. Naamini wengi waliokomaa huondoka hivyo: maombi ya faraghani hukauka wakati mdomo bado unahubiri vizuri, na ujuzi wa Maandiko humsaidia mtu kujitetea badala ya kutubu.

Wataalamu wa Biblia hawakubaliani kama aliyezaliwa mara ya pili kweli aweza kupotea kabisa, na wengine hutegemea 1 Yohana 2:19 kusema kwamba walioondoka hawakuwa wa kwetu. Onyo halipungui kwa mabishano hayo. Kanisa la kale nalo lilisumbuka na jambo hili, pale Wakristo wengi walipotoa sadaka kwa miungu katika mateso ya Kaisari Decius, mwaka 250. Novatian, kasisi huko Roma, alikataa wapokewe tena. Cyprian, askofu wa Carthage, pamoja na maaskofu wenzake waliwapa waliotubu kipindi cha toba, na kwa maoni yangu hao ndio walioielewa Injili.

Kwa hiyo wewe unayehuzunika kwa sababu ya dhambi zako na kutamani kusamehewa, hufanani na mtu anayeelezwa katika sura ya 6. Nenda ukatubu leo, maana huzuni hiyo ikizoeleka hufa.

Kuhusu mzee wako, hatujapewa kuuona moyo wake, hivyo usimtangazie kwamba amekwisha kupotea. Mtembelee, tena usianze na hoja, kwa kuwa anazijua zote na baadhi yake amekufundisha yeye. Muulize aliacha lini kuomba, na ni nini kilichomuumiza wakati huo, kisha umsikilize mpaka amalize. Asipotaka kuombewa mbele yake, mwombee ukiwa nyumbani, na wiki inayofuata urudi tena kumjulia hali.