Eksosomu na saratani ya umio
Umeuliza kama kupima RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye DNA) za eksosomu katika damu kunaweza kuchukua nafasi ya endoskopia, yaani kutazama ndani ya umio kwa mrija wenye kamera. Kwa sasa hakuwezi. Eksosomu ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvitoa vikiwa vimebeba, pamoja na vingine, RNA zisizotengeneza protini. Mojawapo ni miR-21, ambayo seli ya saratani ya umio huipeleka kwa seli jirani, ikapunguze PDCD4, protini inayozuia uvimbe wa saratani kukua, na hivyo seli hizo zikapata wepesi wa kuhama na kupenya tishu. Kiwango cha miR-21 hupanda katika damu ya wagonjwa, lakini hupanda pia katika saratani nyingine nyingi. Anayekwamwa na chakula bado anahitaji endoskopia, na kinyama kidogo cha umio kikapimwe maabara.