Nimemkopesha wifi kwa mdomo, sasa ananiruka

*Shangazi, nilimkopesha wifi yangu shilingi 1,800,000 aongeze mtaji wa vitenge. Nilimhesabia jikoni kwangu, hatukuandikishana wala hakukuwa na shahidi. Miezi mitano alinitumia "asante" ya 180,000 kwa simu, kisha akakata. Eti sasa amebakiza 900,000 tu! Mume wangu ananiambia nisimsumbue dada yake. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria? — Mama J, Mbagala*

Pole, mwanangu. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Yanatambulika. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi kwa deni kama hili. Mkikubaliana kwa hiari na akili timamu, mkataba upo, hata kama mliufungia jikoni maharage yakiungua. Shida ni ushahidi, maana anayedai ndiye anayethibitisha. Hapo meseji za miamala zitakufaa. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaziruhusu mahakamani. Na una miaka 6 ya kufungua madai.

Sasa turudi kwa yale uliyoyapita mbiombio. Asante gani hiyo inayoingia kila mwezi, asilimia 10 kamili, haipungui hata mia? Hiyo ni riba, umeivika kanga tu. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, biashara ya kukopesha kwa riba inataka leseni. Natumaini wifi ndiye mteja wako wa pekee. Ukienda mahakama ya mwanzo na simu yako, hakimu atasoma meseji hizo hizo na kukuuliza hizi 900,000 alizokwisha kukutumia zilikuwa za nini. Utamjibu "asante"? Ningekuwa wifi ningezihesabu vilevile alivyozihesabu yeye. Wala hajakuruka: mwenye nia ya kuruka deni hakwambii amebakiza ngapi.

Halafu, 1,800,000 ulizitoa wapi? Hukusema. Na mumeo alijua lini? Mimi nanusa zamu ya upatu, na mwenye nyumba akaja kuyasikia kwa dada yake. Ndoa za siku hizi! Chumba kimoja, laini nne za simu. Mke ana kibubu cha siri, mume ana mkopo wa siri kazini, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na wote wawili wameshika tama wanasema hali ngumu. Bibi zetu nao walifunga hela kwenye pindo la kanga, lakini babu alijua pindo lipo.

Anza na mumeo, mweleze yote. Kisha mwite wifi, na usimtishie polisi. Kushindwa kulipa deni si jinai. Chukueni daftari muandike: zimebaki 900,000, atalipa kiasi gani na tarehe ngapi, mtie saini nyote, mumeo na jirani mmoja washuhudie. Siku anamaliza, akikuletea doti ya kitenge, hiyo ndiyo asante. Pokea, ushone.