Nachoka kila siku: ninywe vidonge vya madini ya chuma?

SWALI: Habari, mtaalamu. Nina miaka 34 na watoto wawili wadogo. Miezi kadhaa sasa nachoka sana, nikipanda ngazi moyo unaenda mbio. Shoga yangu ameniambia ninunue multivitamini na vidonge vya madini ya chuma. Nyama sili, na kila nikimaliza kula lazima ninywe chai. Je, vidonge hivyo ni vya lazima kwangu?

JIBU: Dada, kabla hujanunua chochote kapime damu. Omba kipimo cha hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) na cha feritini, vyote viwili. Feritini huonyesha akiba ya chuma mwilini, na akiba hiyo huweza kwisha huku hemoglobini bado iko sawa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni dalili kwamba akiba imekwisha. Mweleze daktari pia kama hedhi yako ni nzito.

Nasisitiza vipimo kwa sababu kisukari, matatizo ya tezi ya thairoidi na kukosa usingizi huchosha vilevile, na chuma hakitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kitakufunga choo tu.

Chai ndiyo ingenisumbua zaidi. Tanini zake hushikana na chuma cha vyakula vya mimea, na wewe hutegemea hicho hicho. Isogeze saa moja au mbili baada ya mlo, na kwenye mlo wenyewe ongeza tunda lenye vitamini C.

Kama huli hata mayai na maziwa, vitamini B12 ya vidonge unaihitaji kweli. Ukipanga mimba nyingine, anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Multivitamini sikushauri, sioni pengo itakaloziba. Na vitamini si salama daima: katika utafiti wa Ufini uliochapishwa 1994, wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Ukiandikiwa chuma, choo kitakuwa cheusi, usiogope. Usiache mara tu nguvu zikirudi. Akiba huchukua miezi kujaa. Na tafadhali, vidonge vifungie kabatini: mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua.