Paka Wangu Hakutangaziwa Mwezi

Kosa lilikuwa langu, na lilianza Ramadhani. Nilikuwa naamka saa kumi usiku kula daku, na Simsim, dume langu lenye rangi ya simsim (ufuta) iliyokaangwa, anakuja kukaa miguuni pangu. Nani atakula samaki mbele ya paka bila kumgawia? Nikawa namtupia kichwa, mkia, wakati mwingine na mnofu. Siku 29 mfululizo. Mwezi ukaandama, Idi tukala, mimi nikarudi kulala hadi adhana ya alfajiri. Simsim hakuna aliyemtangazia mwezi.

Usiku wa pili wa Shawali, saa kumi kamili, alipanda chandarua. Hakulia kwanza. Alipanda tu kama mtu apandaye mnazi, kucha zikifanya kra, kra, mpaka kamba ikakatika na chandarua, paka na mimi tukawa kitu kimoja. Asubuhi nilihesabu matundu saba. Kwa Kampala hii ya mbu na malaria, tundu la chandarua si jambo la kucheka. Mimi ni fundi cherehani, niliyaziba siku hiyohiyo, lakini nikaona wazi kwamba hatutafika mbali hivi.

Mtu wa kwanza kunipa ushauri alikuwa Hajati mwenye nyumba: "Mwanangu, mtoe nje alale na paka wenzake." Nilimheshimu, nikaitikia, ila sikumtoa. Mtaani kwetu watu wanatega panya kwa sumu, na paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kwenda. Kumfungia chumba kingine nako haiwezekani. Anayeijua mizigo ya huku, yaani vyumba vyetu vya kupanga, anaelewa: chumba kimoja, pazia katikati, basi. Ukimfungia paka nyuma ya pazia umejifungia mwenyewe.

Nilichokuja kuelewa polepole ni kwamba paka hakuwa ananionea. Paka kwa maumbile yake huchangamka magharibi na alfajiri, saa ambazo mawindo yake hutembea, na mchana anaweza kulala saa 12 hadi 16. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, jua linachomoza kwenye saa moja kasoro mwaka mzima, kwa hiyo kule kuchangamka kwake kunaangukia palepale usingizi wangu unapokuwa mtamu. Hilo huwezi kulifuta. Lakini mimi nilikuwa nimeongeza juu yake mshahara: ukiniamsha, unakula. Nani angeacha kazi kama hiyo?

Kwa hiyo nilianza na chakula, na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea zaidi. Simsim alikuwa anakula posho (ugali) iliyolowekwa kwenye mchuzi wa mukene, yaani dagaa. Tumbo linajaa, ndiyo, lakini paka ni mla nyama hasa, posho haimshikilii. Sasa nanunua mukene Kalerwe, nawaosha maji mara tatu au nne maana wengi wameanikwa mchangani, nawachemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), nampa wenyewe, na siku nyingine maini kidogo au nyama ya kuku. Samaki mbichi simpi. Wako samaki ambao wakiliwa mbichi kila siku humwondolea paka vitamini B1, na kuchemsha kunaondoa tatizo hilo. Maziwa niliacha. Paka wengi wazima yanawaharisha, na paka anayeharisha usiku, nadhani sihitaji kueleza.

Sehemu kubwa ya chakula chake nampa saa nne usiku, ninapofunga mlango. Kabla ya hapo tunawinda. Nimefunga kipande cha kitenge kwenye kijiti, nakiburuta sakafuni, nakificha nyuma ya mtungi, nakitoa ghafla, dakika kumi au kumi na tano, hadi aanze kuhema. Mwishoni namwachia akikamate, halafu bakuli linashuka. Paka akiwinda, akala, hujilamba, kisha hulala. Ule mfuatano anao damuni, wewe unausogeza tu ufike saa yako ya kulala.

Mambo mawili kuhusu mchezo huo. Usicheze naye kwa mkono wako mtupu, maana atajifunza kwamba vidole ni windo, na vidole vya miguu chini ya blanketi anaviona vizuri sana gizani. La pili nalisema kama fundi: uzi usimwachie. Paka akimeza uzi mrefu unaweza kumkunja utumbo mpaka afanyiwe upasuaji. Mimi sasa nafagia chini ya cherehani kila jioni, na kijiti chenyewe nakiweka juu ya kabati tukimaliza.

Sasa tuje kwenye ile wiki. Kubadilisha chakula hakukutosha. Alikuwa ameshajua kwamba saa kumi ni saa yake. Ikabidi nisiamke. Namaanisha nisifanye lolote: nisimwite, nisimfukuze, nisimrushie kandambili, hata "shhh" nisiseme. Kwa paka anayetaka uamke, kufokewa ni ushahidi kwamba umeamka. Usiku wa kwanza alilia robo saa. Wa pili, nusu saa. Wa tatu aliangusha sufuria mbili na kifuniko, na jirani akagonga ukuta. Wa nne nilikuwa nimeshatoa mguu mmoja nje ya chandarua.

Nilirudisha mguu. Na hapo ndipo wengi tunaposhindwa, maana kelele huzidi kabla ya kuisha. Ukisalimu amri usiku wa nne, umemfundisha kwamba bei ya samaki ni kulia siku nne, na atalipa. Usiku wa sita alilia kidogo tu, kama mtu anayekohoa msikitini. Wiki ya pili alilala. Jirani nilimpelekea chapati za kuomba radhi, na sufuria siku hizi nazipanga chini.

Kumbe kulikuwa na kona nyingine ambayo sikuiona. Nikiamka kuswali, kwenye saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nampa bakuli kabla hata ya udhu ili anyamaze. Baada ya wiki chache akawa ananitangulia: adhana bado, yeye tayari yuko kifuani. Paka anapima alama, na alama yangu ilikuwa kuamka. Nikakata uhusiano huo. Sasa naswali, nakunja mkeka, nawasha sigiri, nakunywa chai, ndipo naye anapata chake. Siku hizi anaamka anaposikia kijiko kwenye kikombe.

Yote haya ni ya paka mzima wa afya. Jike anayelia usiku kwa sauti ya kuburuta, akijiviringisha sakafuni, anatafuta dume, na huku kwetu ambako urefu wa mchana haubadiliki anaweza kurudia hali hiyo mwaka mzima. Dawa yake ni kufungwa kizazi. Simsim mwenyewe nilimhasi, na vita vya juu ya mabati vikapungua sana. Paka mzee aliyeanza ghafla kulia usiku, kunywa maji mengi au kukonda huku anakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla hujaanza kumpuuza. Na dume anayejikamua na mkojo hautoki, usingoje asubuhi, anaweza kufa. Wala usimpe panadol kamwe, ni sumu kwake. Ukifika kwa daktari, omba na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ramadhani nyingine ikija nimeshapanga. Daku nitakula, samaki nitamla, na Simsim atanitazama kwa yale macho yake. Bakuli lake litakaa limefunikwa juu ya kabati mpaka jua lichomoze, saa ileile aliyoizoea ya chai, ingawa mimi chai sitakunywa. Kijiko nitakigonga kwenye kikombe kitupu.