Soma maranda kabla ya kushika kipimo

Wewe uliyeingia karakana juzi ukapewa ufagio, usiyatupe maranda ya chuma kabla hujayatazama. Mimi nilijifunza kukereza, yaani kunyoa chuma kinachozunguka kwenye mashine, huko Katwe, Kampala, na miezi ya mwanzo macho yangu yalikuwa kwenye kipimo tu.

Siku moja nilikuwa nakereza shafti ya mashine ya kusaga posho, chuma laini. Utepe wa randa ukatoka mrefu bila kukatika, ukajisokota kwenye shafti. Nikaushika kwa mkono, mashine inazunguka. Kovu la kiganjani ninalo hadi leo. Zima mashine kwanza, kisha tumia kulabu. Tafadhali.

Mzee aliyenifundisha alinifunga kitambaa, halafu akaniwekea kipande cha utepe uleule mezani. Upande mmoja uling'aa kama kioo: huo ndio uliosuguana na uso wa kisu, ile zana inayokata chuma. Wa pili ulikuwa umekwaruzika. Kwenye mkunjo, unaong'aa ulikaa nje, kwa sababu randa huuacha uso wa kisu likipinda kuukimbia.

Lakini kuna mkunjo wa pili, wa ubavuni. Ukingo ulio karibu na ngozi ya nje ya shafti hupita kwa kasi kuliko ule wa ndani, hivyo hutoka mrefu zaidi na kuupinda utepe. Mkunjo wa kwanza ukiwa peke yake, randa hujiviringa kama mkeka uliokunjwa. Wa pili peke yake, hulala bapa kama washa ya bolti. Ikiungana ndipo unapata springi.

Sasa pima unene. Kisu kilichosimama mraba (digrii 90) kwenye shafti kikisogea milimita 0.2 kila mzunguko, unaweza kukuta randa lina 0.5. Limenenepa mara 2.5, na kwa kuwa upana haubadiliki sana, urefu nao umepungua mara 2.5. Kadiri linavyonenepa kupita kile ulichokata, ndivyo kisu kinavyotumia nguvu nyingi na kuchemka. Kinoe, au kiongezee mteremko wa uso.

Kuongeza umbali ambao kisu husogea kila mzunguko ni jambo jingine: randa huwa nene, na kitu kinene kikipindwa hupasuka upesi. Ile shafti niliimaliza hivyo, pamoja na kunoa kifereji kidogo nyuma ya makali ili mkunjo ubane. Vipande vikaanza kudondoka vya umbo la namba 6 na 9. Hayo ndiyo unayoyataka kwenye chuma laini. Chuma cha kalibu usikihangaikie, hicho hutoka punje punje chenyewe.

Na kwenye drili, biti iliyonolewa sawa hutoa springi mbili zinazolingana, moja kila mfereji. Ukiona moja nene na nyingine nyembamba, au upande mmoja haufanyi kazi, simama hapohapo. Midomo ya biti, yaani makali yake mawili, haijalingana, na tundu litatoka kubwa kuliko biti yenyewe.