Mafundisho ya dini kwa njia ya simu: wazazi wa Mwanza wanauliza

Kozi za mtandaoni za dini Katoliki kwa watoto ni nyingi siku hizi. Zipo za bure na za kulipia, na kubwa kati yake zinatengenezwa Marekani. Haya ni maswali ya wazazi wanaozitumia nyumbani, mjini na visiwani.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu ana miaka 8, anatoka shule saa 11 jioni, na Jumamosi ana masomo ya ziada. Nimempatia kozi ya Komunyo ya Kwanza yenye cheti mwishoni. Akimaliza, paroko atampokea? (Mama, Nyakato)

Milele amina. Cheti hicho peke yake hakitamfikisha altareni. Kanuni ya 914 ya Sheria za Kanisa inawapa wazazi na paroko kwa pamoja jukumu la kumwandaa mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili, na anayepaswa kujiridhisha kwamba mtoto yuko tayari ni paroko. Kanuni hiyohiyo inataka maungamo yatangulie Komunyo, na maungamo hayafanyiki mtandaoni.

Kwa hiyo andikisha kwanza, kozi ifuate. Nenda kwa katekista na kadi ya ubatizo, mweleze ratiba ya mtoto bila kuficha kitu. Muulize ni vipindi vipi ambavyo mtoto hawezi kukosa, kitabu gani kinatumika, na sala zipi ataulizwa. Makatekista wengi ni waelewa kuliko tunavyowadhania, ilimradi waambiwe mapema. Ukishajua hayo, ilazimishe kozi ifuate kitabu cha parokia. Wenzake wakiwa kwenye Kitubio, yaani sakramenti ya maungamo, mwezi huu, naye aruke hadi somo la Kitubio, hata kama kozi inamtaka amalize kwanza habari za Musa.

Wanaokwama ni wale wanaotokea mwezi wa mwisho na cheti mkononi. Katekista hamfahamu mtoto, jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya mtaani haiwafahamu wazazi, na parokia nyingi huulizia barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Mtoto anaambiwa asubiri mwakani, halafu lawama zinamwangukia padre.

Kozi nyingi zinaandika tu "kozi ya Kikristo" na katuni zake ni nzuri. Nitajuaje kama ni ya Kikatoliki? (Baba, Igoma)

Fungua somo la Amri Kumi. Katika hesabu yetu "Waheshimu baba na mama" ni ya nne, "Usiue" ya tano, "Usizini" ya sita, na tamaa imegawanywa katika ya tisa na ya kumi. Kozi ikisema "Usiue" ni ya sita, ujue imetoka kwa madhehebu yanayohesabu katazo la sanamu kama amri ya pili inayojitegemea. Maneno ya Biblia ni yaleyale, hesabu tu ndiyo tofauti. Lakini mtoto akiulizwa amri ya nne akajibu siku ya Bwana, katekista ataona hajasoma kitu.

Kisha tazama idadi ya vitabu vya Biblia. Vyetu ni 73, yaani 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Kozi inayotaja 66 imeacha Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na vinginevyo. Halafu sikiliza wanavyosema juu ya Ekaristi. Wakiishia kwenye "mkate unaotukumbusha Yesu", funga ukurasa.

Kozi makini huwa na kitabu chake, na kwenye kurasa za mwanzo utakuta neno *Imprimatur*, jina la askofu na mwaka. Hicho ndicho kibali cha kuchapisha. Video zenyewe mara nyingi hazina, kwa hiyo angalia kama mwalimu anarejea namba za Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992. Na usimpe mtoto somo ambalo wewe hujalisikiliza hadi mwisho.

Hata kozi safi ya Kikatoliki itapishana na vitabu vyetu hapa na pale. Amri za Kanisa, kwa mfano: Katekisimu inaorodhesha 5, wakati vitabu vya sala tulivyokulia navyo huwa na 6, ya mwisho ikihusu sheria za ndoa. Mtoto akariri orodha ya parokia yake.

Binti yangu anasoma shule ya Kiingereza na kozi yake ni ya Kiingereza. Sala zote anazijua, ila kwenye Misa ya Kiswahili ananyamaza kimya. (Mama, Buswelu)

Maelezo ayapate kwa Kiingereza, hakuna ubaya. Sala azishike kwa Kiswahili tangu wiki ya kwanza. Usimwachie atafsiri mwenyewe kichwani, maana Nasadiki na Sala ya Kutubu zina maneno yake yaliyopangwa, na mbele ya katekista zinatakiwa kama zilivyo.

Anza na Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe Baba. Zikikaa, nenda kwenye Sala ya Kutubu, kisha Nakuungamia, kisha sala za Imani, Matumaini na Mapendo. Nasadiki iweke mwisho kwa sababu ni ndefu. Igawe vipande vinne, kila kimoja siku mbili, na siku ya tisa aiunganishe yote. Kosa la kawaida ni kumkaririsha mtoto kila mara kuanzia mwanzo. Mwanzo unakuwa imara kama mwamba wa Bismarck pale ziwani, mwisho haujui. Siku nyingine anzia kipande cha mwisho, urudi nyuma.

Jambo jingine ambalo video haiwezi kumpa ni mazoezi ya kuungama. Weka kiti kimoja, ukae ukitazama pembeni, yeye apige magoti ubavuni. Afanye ishara ya msalaba, aseme hii ni mara yake ya kwanza kuungama, ataje dhambi, asikilize malipizi anayopewa na padre, asali Sala ya Kutubu, anyamaze padre anapotoa ondoleo la dhambi. Dhambi ziwe za kubuni: "nilibaki na chenji ya shilingi 500", "nilimpiga mdogo wangu". Usimwulize dhambi zake za kweli hata kwa utani. Mtoto akishazoea kwamba mama anazijua, atakwenda kwa padre na orodha aliyotungiwa. Mazoezi mawili au matatu yanatosha kuondoa woga.

Angalizo: kwenye video za Marekani mtaona watoto wakipokea Komunyo mkononi kutoka kwa mlei, yaani mwumini asiye padre. Namna ya kupokea muulizeni katekista wa parokia yenu.

Bando linaisha kabla ya wiki kwisha. Tufanyeje? (Mzazi, Kishiri)

Video ya ubora wa 1080 inaweza kula zaidi ya GB 1.5 kwa saa. Ya 360 hula takriban MB 300, na somo la dini ni mtu anayeongea na picha chache, 360 inatosha kabisa. Kama kozi ina sauti peke yake, chukua sauti: kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 30.

Bonyeza alama ya gia kwenye video, chagua 360, kisha zima kipengele cha kucheza video inayofuata. Pakua masomo ya wiki nzima kwa kifurushi cha usiku, yaweke kwenye memori kadi, na zima data kabla ya kumkabidhi mtoto simu. Hapo unaokoa bando na pia unamzuia asihame kutoka safina ya Nuhu kwenda kwenye filamu za ngumi. Karatasi za mazoezi zichapishe steshenari, nyeusi na nyeupe, kurasa mbili kwa karatasi moja.

Kuna darasa la moja kwa moja "saa 4 asubuhi saa za New York". Tunachanganyikiwa na saa. (Baba, Nyegezi)

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, ongeza saa 7: kwenu ni saa 11 jioni. Kipindi kingine ongeza saa 8, inakuwa saa 12 jioni. Wao hubadilisha saa, sisi hatubadilishi, ndiyo maana wiki moja mnajikuta mnalisubiri darasa saa nzima na nyingine mnalikuta limekwisha. Madarasa yao ya saa 1 jioni ni usiku wa manane kwetu, ombeni yaliyorekodiwa.

Akaunti iwe kwa jina na baruapepe ya mzazi, mtoto akae sebuleni simu ikionekana, na mwalimu asiandikiane naye pembeni. Kadi ya ubatizo msiitume, kozi haiihitaji.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, usiku niko ziwani. Nitamfundisha mtoto saa ngapi? (Baba, Ukerewe)

Fuata mwezi. Siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa na unashinda nyumbani. Hizo ziwe siku za masomo mapya, nusu saa kila jioni. Siku za giza mama au dada mkubwa arudie sala tu, dakika 10 kabla ya kulala, bila simu.

Mkifika kwenye watakatifu, anzeni na ziwa lenyewe. Mwaka 1879 wamisionari wawili, Padre Lourdel na Bruda Amans, walivuka kwa mtumbwi kutoka Kageye, pwani hii hii ya Mwanza, kwenda Uganda. Mashahidi wa Uganda, yaani Karoli Lwanga, Kizito na wenzao, waliuawa huko kati ya 1885 na 1887, wakatangazwa watakatifu mwaka 1964, na tunawakumbuka Juni 3. Kozi ya ng'ambo huwapa dakika mbili. Nyinyi wapeni jioni nzima.

Mwanangu anamaliza maswali ya kozi kwa dakika tatu na kupata alama zote! (Mama, Kirumba)

Anabahatisha. Maswali mengi ya kozi humruhusu kurudia hadi apate. Chukua simu, muulize mambo mawili kwa mdomo: somo lilihusu nini, na Jumapili kanisani ataliona wapi. Akishindwa, arudie kesho na si papo hapo, maana akichoka ataanza kuchukia.

Sijui Kiingereza wala simu kubwa. Nabaki na wajukuu wawili. (Bibi, Sengerema)

Shikamoo bibi. Mama yao apakue masomo ya sauti ya Kiswahili kwenye memori kadi, uyacheze kwenye redio ndogo yenye nafasi ya kadi. Rozari unaijua kuliko kozi yoyote: kila usiku fumbo moja, mjukuu mmoja aongoze Baba Yetu, mwingine Salamu Maria kumi, na kesho yake wabadilishane.