Kabla ya kwenda Mbudya, angalia mwezi

Jumapili moja, saa nne na nusu asubuhi, nilisimama ufukweni Kunduchi, Dar, tayari kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, na deli mkononi, watoto watatu nyuma yangu, na bahari haipo. Ilikuwa imekupwa mpaka huko mbali, boti yetu inaonekana ndogo kama kifuu. Kati yetu na boti kulikuwa na tope, majani ya bahari na wale viumbe wa miiba myeusi ambao ukiwakanyaga sikukuu imeisha.

"Leo bamvua, dada," kijana wa boti akaniambia, akilipokea deli. "Hukuangalia mwezi?"

Nilikuwa nimeangalia hali ya hewa kwenye simu, foleni ya Mwenge, hata bei ya samaki kisiwani. Mwezi sikuuangalia. Na mimi mtoto wa Tanga! Tulitembea tope la magotini, mdogo kandambili yake moja ikabaki humo, mpaka leo ipo.

Tangu siku hiyo sipangi matembezi ya Dar kwa kilomita. Napanga kwa saa. Mbudya ni mwendo wa kama robo saa tu kwa boti, lakini siku yako yote itaamuliwa na maji. Hesabu yenyewe wavuvi wanayo kichwani, nasi tunaweza kuiazima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kupita mita tatu. Kwa pwani yetu siku hizo maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni au baadaye kidogo. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 8 au 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu. Hayaendi mbali, na asubuhi ndiyo yamejaa. Kila siku ikipita saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo atafute wikiendi ya maji mafu. Anayependa kuokota makombe na kuchungulia miamba aende bamvua, ila awe na viatu vya kukanyagia majini.

Mengine ya Mbudya ni madogo. Kisiwa ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna nauli ya boti na kuna kiingilio, vitu viwili tofauti. Uliza vyote kabla hujapanda, na beba kitambulisho, maana raia halipi sawa na mgeni. Vibanda vya makuti vinawahiwa. Ukikosa, kaa chini ya mivinje, kivuli chake chepesi lakini kina upepo. Maji ya kunywa beba yako. Na miezi ya kusi, hasa Julai na Agosti, rudi mapema. Upepo wa alasiri unapandisha mawimbi, na boti iliyokuleta kwa raha asubuhi itakurudisha umelowa mpaka kitambaa cha kichwani. Bongoyo ni hivyo hivyo, ila boti zake mnapandia Msasani, pale Slipway.

Wasiopenda chumvi nawapeleka Pugu. Watu wengi wa Dar wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe na kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955. Msitu hawaujui. Uko upande wa Kisarawe, kilomita 30 hivi kutoka Posta, nao ni kipande kilichobaki cha misitu ya pwani iliyokatwa sana kwa mkaa. Bila gari, panda daladala mpaka Gongo la Mboto, hapo chukua la Kisarawe. Ondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa mpaka saa tatu, Barabara ya Nyerere itakula hamu yako yote kabla hujaona jani.

Ndani, kitu cha kwanza ni baridi. Siyo baridi ya Lushoto, ila shingo inajua. Lipa getini, chukua mwongozaji, usijifanye mjuaji, njia zinafanana. Kuna mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe, na popo wamejaa humo. Mwanangu wa kati aliganda mlangoni, akakataa kuingia na akakataa kuondoka. Masika usiende na viatu laini. Mimi nilishuka kilima kimoja kwa makalio mbele ya wanafunzi wa sekondari, wakanipigia makofi.

Mwenye nusu siku tu, Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa inatosha. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893. Nenda Jumapili asubuhi, mji ukiwa mtupu. Desemba mikrismasi ikichanua mjini utasahau kwamba uko hatua chache kutoka Posta. Kigamboni siisemi sana, kila mtu ana ufukwe wake kule, ila foleni ya pantoni jioni ya sikukuu mnaijua. Na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, hata Morogoro imekuwa ya kwenda na kurudi, chini ya saa mbili kila upande. Kata tiketi mapema, wikiendi zinaisha.

Nirudi Pugu kidogo. Tukiwa tunashuka, mwongozaji alituambia kwamba Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Watoto walibisha. Msimbazi wanaoujua wao ni ule wa Jangwani, mweusi, unaofunga barabara kila masika. Mkubwa akaniuliza kama inawezekana kuufuata kwa miguu kutoka Pugu mpaka baharini, siku moja. Nimemwambia tujaribu kipande cha kwanza Julai, udongo ukikauka.